Stephen Fox, Mtunza Mali wa Mfalme, na Warithi Wake

Leo hatuwasimulii maisha ya mtakatifu wala ya mfalme. Tunawaletea habari za mtu aliyezaliwa katika nyumba ya watu wadogo, akafa akiwa mmoja wa matajiri wa Uingereza. Katikati ya maisha hayo alipata huzuni moja ambayo mali yake haikuweza kuiondoa: alikuwa na utajiri mwingi, bali hakuwa na mwana wa kuuendeleza. Jina lake ni Stephen Fox. Neno hilo Fox kwa Kiingereza ni jina la mnyama, yule mbweha mwerevu wa hadithi. Lakini mtu huyu alisifiwa kwa uaminifu kuliko kwa hila.

Alizaliwa mwezi wa Machi mwaka 1627 katika kijiji cha Farley, karibu na mji wa Salisbury, kusini mwa Uingereza. Wazazi wake hawakuwa na cheo. Alipokuwa mtoto aliimba katika kwaya ya katedrali ya Salisbury, na huko alijifunza kuandika vizuri na kupiga hesabu. (Waimbaji wetu wadogo wanaokimbia mazoezi ya Jumamosi na waangalie hapo.) Ndugu yake mkubwa alikuwa amepata kazi katika nyumba ya mfalme, Stephen naye akamfuata, akaanza kuwatumikia wakubwa kama kijana wa kutumwa.

Siku zile Uingereza ilikuwa inaingia katika taabu kubwa. Mwaka 1642 vita vilianza baina ya Mfalme Charles wa Kwanza na bunge lake. Mfalme akashindwa, na mwezi wa Januari mwaka 1649 akakatwa kichwa mbele ya watu wake. Mwanawe, Charles wa Pili, alijaribu kurudisha ufalme kwa silaha, akashindwa naye mwaka 1651, akakimbilia ng'ambo. Akawa mfalme asiye na nchi, akihamahama pamoja na watumishi wake: leo Ufaransa, kesho Cologne katika nchi ya Wajerumani, baadaye Bruges na Brussels, miji ya Ubelgiji ya leo.

Hapo ndipo Stephen Fox alipoonyesha kipaji chake. Mwaka 1654, akiwa na umri wa miaka 27 tu, alikabidhiwa matumizi ya nyumba ile ya wakimbizi. Fedha zilikuwa chache na hazikuja kwa wakati wake. Wakubwa walizoea kula vizuri bila kuuliza bei. Stephen alihesabu kila kitu: mikate, mishumaa, chakula cha farasi. Aliyeahidiwa kulipwa alilipwa, hata kama kidogo. Wenye maduka wakaanza kumwamini mtumishi kuliko bwana wake. Husimuliwa kwamba mwaka 1658, Cromwell aliyekuwa akiitawala Uingereza alipofariki, ni Stephen aliyeipata habari hiyo kwanza na kumpelekea mfalme wake, aliyekuwa akicheza mpira wa tenisi.

Mwaka 1660 Waingereza walimwita Charles wa Pili arudi kutawala. Wengi waliokuwa naye ugenini walikimbilia vyeo vyenye fahari. Stephen alipewa kazi mbayo haina fahari yoyote: mwaka 1661 alifanywa mlipaji wa majeshi. Tukae kidogo hapa, maana hapa ndipo ulipo mzizi wa utajiri wake.

Hazina ya mfalme ilichelewa sana kutoa fedha. Askari alingoja mshahara miezi mingi, na askari mwenye njaa ni hatari kwa mwenyeji na kwa mfalme vilevile. Stephen akafanya mapatano. Yeye mwenyewe angekopa fedha kwa matajiri wa London, kwa jina lake na kwa dhamana yake, awape askari posho yao kila juma. Serikali ingemrudishia baadaye pamoja na riba. Tena, katika kila pauni moja iliyolipwa, shilingi moja ilikatwa kwa ajili ya mapatano hayo. Pauni ya siku zile ilikuwa na shilingi 20. Mtoto wa darasa la nne atawaambia kwamba hiyo ni sehemu moja katika ishirini. Yaonekana ndogo. Lakini mshahara wa jeshi zima, mwaka baada ya mwaka, hugeuza shilingi hiyo kuwa mlima. Mimi sisemi kwamba askari maskini alifurahi kukatwa shilingi yake. Nasema tu kwamba alikula kila juma, jambo ambalo hakulipata zamani, na kwamba kama serikali isingelipa, aliyefilisika angekuwa Stephen.

Mwaka 1665 mfalme alimpa cheo cha Sir. Mwaka 1679 aliingizwa katika baraza la wakuu wa hazina ya nchi. John Evelyn, mtu mwadilifu aliyezoea kuandika mambo ya kila siku katika kitabu chake, aliandika mwaka 1680 kwamba mali ya Stephen haipungui pauni 200,000, kwamba aliipata kwa njia ya haki, na kwamba watu hawakumwonea kijicho. Jambo hilo la mwisho ni la ajabu. Katika nyumba ya mfalme yule, ambamo kila mmoja alimchimbia mwenzake shimo, kupata mali bila kuchukiwa ni kazi ngumu kuliko kuipata mali yenyewe.

Wala hakuwasahau wale ambao shilingi zao zilimtajirisha. Mfalme alipoanza kujenga nyumba kubwa ya Chelsea, karibu na London, kwa ajili ya askari wazee na walemavu, mwaka 1682, Stephen ndiye aliyelisukuma jambo hilo na kutafuta namna ya kuligharimia, akatoa pauni 13,000. Watu hupenda kusimulia kwamba nyumba ile ilitokana na huruma ya mwanamke mmoja mcheza michezo aliyependwa na mfalme. Hadithi hiyo ni tamu. Lakini fedha zilitoka mfukoni mwa mtunza hesabu. Kwao Farley alijenga makao ya wazee maskini, wanaume na wanawake, pamoja na kanisa jipya.

Sisi Wakatoliki tunapaswa kutaja jambo moja bila kulificha. Mfalme James wa Pili, aliyetawala tangu mwaka 1685, alikuwa mwana wa Eklezia Katolika. Alitaka kumpandisha Stephen awe miongoni mwa mabwana wakuu wa nchi, kwa sharti kwamba aingie dini yake. Stephen, aliyekuwa Mwanglikana, alikataa, na mfalme akamwacha katika kazi yake. Imani inayonunuliwa kwa cheo si imani ambayo katekista yeyote angeipeleka kwenye ubatizo, na katika jambo hilo naona Stephen alifanya vema kuliko mfalme.

Sasa tufike nyumbani kwake. Mke wake Elizabeth Whittle alimzalia watoto kumi: wana saba na mabinti watatu. Kwa desturi ya Waingereza wa siku zile, ardhi ya baba na jina lake vilifuata wanaume, na mwana wa kwanza ndiye aliyepata sehemu kubwa. Kwetu yako makabila ambayo kwayo mpwa humrithi mjomba wake, na mtu asiye na mwana hafi bila mrithi. Kule hapakuwa na mlango huo. Basi wana wale saba wakaanza kufa, mmoja mmoja, wengine wangali wadogo. Binti mmoja aliolewa na Lord Cornwallis, mwingine na Earl wa Northampton, lakini watoto wao walichukua majina ya baba zao. Akabaki Charles, aliyepewa jina la mfalme. Charles alioa, miaka ikapita, mkewe hakupata mtoto. Mwaka 1696 Elizabeth mama yao akafariki. Mzee akabaki katika nyumba yake nzuri ya Chiswick, mwenye mashamba katika Wiltshire na Somerset, akiitazama mali ya maisha yake yote ikielekea kutoka katika jina lake.

Mwezi wa Julai mwaka 1703, akiwa na umri wa miaka 76, alioa tena. Mke wake mpya, Christian Hopes, alikuwa binti wa mchungaji wa Kianglikana kutoka Lincolnshire, msichana ambaye kwa umri angeweza kuwa mjukuu wake. Naam, watu walicheka. Lakini mwaka uliofuata alizaliwa mwana, akaitwa Stephen kama baba yake. Mwaka 1705 wakazaliwa mapacha, mwana na binti. Yule mwana aliitwa Henry. Kisha binti mwingine, Charlotte. Wakati Charles, mwana mkubwa, alipofariki mwaka 1713 bila mtoto, mzee alikuwa amekwisha kupata warithi wengine. Waliocheka wakanyamaza.

Tarehe 28 Oktoba mwaka 1716 Stephen Fox alifariki huko Chiswick, akiwa na umri wa miaka 89. Alikuwa amezaliwa kabla ya mfalme wake Charles wa Pili, akawaona watawala wengi wakipita. Wosia wake na mipango yake vilikuwa safi kama vitabu vyake vya hesabu: Stephen mdogo apate mashamba, pamoja na nyumba ya Redlynch katika Somerset, Henry apate sehemu yake kama mwana wa pili. Lakini Stephen alikuwa na miaka 12, na Henry miaka 11. Haikupita miaka mitatu, mama yao naye akafariki. Watoto wale wakabaki na mali kubwa mikononi mwa walezi. Nimewaza sana juu ya hilo. Yule mzee alikuwa na muda wa kuwafundisha makarani wake namna ya kuitunza shilingi, miaka hamsini na zaidi. Watoto hawa wawili hakupata muda wa kuwafundisha.

Stephen mdogo alikuwa mpole, akaishika ardhi, akaoa binti mwenye urithi mkubwa, na mwaka 1756 akafanywa Earl wa Ilchester. Henry, alipofikia umri wa kutawala mali yake, aliicheza kamari, ikaisha, akaondoka kwenda ng'ambo. Alikuwa na akili nyingi, kwa hiyo aliinuka tena. Mwaka 1744 alimwoa kwa siri Lady Caroline Lennox, bila ridhaa ya wazazi wake. Msichana huyo alikuwa kitukuu cha Mfalme Charles wa Pili. Hivyo mwana wa mtunza mishumaa alimwoa mtu wa damu ya bwana wa baba yake.

Tena, mwaka 1757, Henry aliwekwa katika kazi ileile ya baba yake, ya kuwalipa askari. Tofauti yao ni hii. Baba alitanguliza fedha zake mwenyewe mbele ya zile za serikali. Mwana aliziweka kwake fedha za serikali zilizokuwa zikingoja kutumika, akazizalisha kwa faida yake. Sheria ya siku zile haikumzuia, na wengine kabla yake walifanya hivyo. Lakini mwaka 1769 wenyeji wa London walimlalamikia mbele ya mfalme kuwa ni mlaji wa mali ya umma ambayo hesabu yake haijatolewa. Alipata utajiri kama wa baba yake, na chuki ambayo baba yake hakuijua.

Henry, aliyekosa baba, aliapa labda kwamba watoto wake hawatakosa kitu. Husimuliwa kwamba mwanawe Charles James, aliyezaliwa mwaka 1749, alipotaka kuivunja saa ya baba yake, aliachwa aivunje. Alipokuwa na miaka 14, baba alimchukua mpaka Spa, katika Ubelgiji ya leo, akampa vipande vya dhahabu kila jioni ili akacheze kamari. Kijana akajifunza vizuri mno. Mwaka 1774, muda mfupi kabla ya kufa kwake, Henry alilipa madeni ya kamari ya mwanawe, yapata pauni 140,000.

Hata hivyo Charles James huyo hakuwa mtu bure. Katika bunge alipinga vita vya kuwazuia Wamarekani wasijitawale. Na jemadari Mwingereza aliyejisalimisha kwa Wamarekani huko Yorktown mwaka 1781, Lord Cornwallis, alikuwa kilembwe cha mzee Stephen kwa yule binti wa kwanza tuliyemtaja. Mwezi wa Juni mwaka 1806, akiwa mgonjwa tayari, Charles James ndiye aliyelitaka bunge liamue kuikomesha biashara ya kuwauza Waafrika katika merikebu za Waingereza. Bunge likakubali. Alifariki mwezi wa Septemba. Sheria yenyewe ilitoka mwaka uliofuata.

Nalo lile jina ambalo kwa ajili yake mzee alioa akiwa na miaka 76? Mwaka 1758 Stephen mdogo, kwa ajili ya urithi wa mkewe, aliongeza jina la ukoo wa mama mkwe wake, nao wazao wake wakaitwa Fox-Strangways. Mlango wa Henry, mabwana wa Holland, ulifungwa mwaka 1859, bwana wa mwisho alipokufa bila mwana.

Chelsea, askari wazee wangali wanakaa, na siku za sikukuu huvaa makoti yao mekundu. Mzee Stephen mwenyewe alizikwa Farley, katika kanisa alilolijenga, na karibu yake zinasimama nyumba alizowajengea wazee wa kijiji.