Agner Erlang: Mwalimu aliyeipigia foleni hesabu

MFANYABIASHARA wa Busia anapotuma pesa kwa simu siku ya soko, ujumbe wake hupita kwenye mitambo ya kuelekeza mawasiliano iitwayo ruta, na katika kila ruta huenda ukasubiri zamu. Hesabu za kusubiri huko zilianza na Agner Krarup Erlang wa Denmark, aliyefariki miongo mingi kabla ya intaneti kuwapo.

Erlang alizaliwa Januari 1, 1878 katika kijiji cha Lønborg, mtoto wa mwalimu wa shule ya kijiji. Akiwa na miaka 14 alifaulu mtihani wa awali wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, kwa kibali maalumu kwa sababu ya udogo wa umri wake. Alirudi kufundisha katika shule ya baba yake, kisha akaingia chuoni 1896 na kuhitimu hisabati 1901. Baada ya hapo alifundisha shuleni miaka kadhaa.

Mwaka 1908 aliajiriwa na Kampuni ya Simu ya Copenhagen. Tatizo la kampuni lilikuwa lile la kila mwenye duka: laini zikiwa chache, wateja wanakosa huduma; zikiwa nyingi mno, mtaji unalala. Erlang alishuka mwenyewe kwenye mashimo ya nyaya barabarani kupima, nyuma yake mfanyakazi akimbebea ngazi.

Mwaka 1909 alionyesha kwamba simu hupigwa bila mpangilio, lakini hali hiyo ina kanuni inayohesabika. Mwaka 1917 alitoa fomula za kukadiria simu ngapi zitakosa laini na wateja watasubiri muda gani. Posta ya Uingereza, iliyoendesha simu nchini humo, ilizitumia.

Funzo la hesabu hizo linamgusa yeyote aliyewahi kupanga foleni mpakani. Chukua dirisha moja linalomhudumia mtu kwa wastani wa dakika 3, wateja wakifika ovyo na shughuli zao zikitofautiana. Dirisha likiwa na kazi nusu ya muda wake, mteja hutumia wastani wa dakika 6 hadi kuondoka. Likiwa na kazi asilimia 90 ya muda, hutumia dakika 30. Likifika asilimia 95, ni saa nzima. Foleni huvimba kabla dirisha halijajaa.

Miaka ya 1960, Leonard Kleinrock wa Marekani alitumia hesabu za foleni kwenye mitandao ya kompyuta. Ndani ya ruta, ujumbe huingia ukiwa vipande viitwavyo pakiti. Ruta husoma anwani ya pakiti na kuipeleka kwenye mlango wa kutokea. Mlango ukiwa na kazi, pakiti hupanga foleni. Nafasi ikijaa, hutupwa.

Ruta kubwa nyingi huweka, upande wa kuingilia, foleni ya peke yake kwa kila mlango wa kutokea. Bila hivyo, pakiti moja inayosubiri mlango uliosongamana ingezizuia zote zilizo nyuma yake, hata zile ambazo milango yao iko wazi, kama lori lililokwama kwenye njia moja linavyozuia msafara mzima.

Pakiti ya wapokeaji wengi, mfano ya matangazo ya televisheni, huingia mara moja, kisha ruta hutoa nakala kwa kila mlango unaoihitaji. Kwa kuwa pakiti moja huzaa kazi nyingi, ruta nyingi huzitenga pakiti hizo kwenye foleni zake, zisizimeze pakiti za mpokeaji mmoja, kama ujumbe wa pesa.

Erlang hakuoa, na alisifika kwa kuwasaidia maskini. Aliitumikia kampuni karibu miaka 20, akafariki Februari 3, 1929 baada ya kulazwa hospitalini, akiwa na miaka 51. Mwaka 1946 jina lake lilifanywa kipimo cha kimataifa: laini moja ikishughulika saa nzima bila kupumzika, hiyo ni erlang 1. Hesabu zake zinaonyesha pia kwamba hakuna laini wala dirisha linaloweza kukaribia kipimo hicho bila wateja kulipia kwa muda wao.