Camillo Golgi: Aligundua kiungo cha seli, ubishi ukamzika

Camillo Golgi alizaliwa mwaka 1843 kijijini Corteno, kaskazini mwa Italia. Baba yake alikuwa daktari, naye akafuata njia hiyohiyo.

Akiwa daktari katika hospitali ya Abbiategrasso, hakuwa na maabara. Akafanya nini? Akageuza jiko kuwa maabara. Humohumo, mwaka 1873, akapata njia ya kuzitia seli za neva rangi nyeusi kwa chumvi ya fedha.

Mwaka 1898, akichunguza ubongo wa bundi, akaona kitu kama wavu ndani ya seli. Wengi wakabisha kwamba ni alama za rangi tu.

Mwaka 1906 akapata Nobel, ila kwa utafiti wa neva, tena akagawana na mpinzani wake, Santiago Ramón y Cajal. Alifariki 1926, ubishi ukiendelea.

Miaka ya 1950 hadubini ya elektroni ikamaliza kesi: wavu upo kweli, na kazi yake ni kufungasha protini na kuzipeleka zinakohitajika.

Seli za binadamu, wanyama na mimea zinao. Bakteria hawana, hata kiini hawana. DNA yao imekaa wazi tu ndani ya seli.

Leo kila mwanafunzi wa baiolojia anakijua kiungo hicho kwa jina moja: Golgi.