Beatrice Tinsley: Aliyethibitisha kwamba galaksi nazo huzeeka

KWA miaka mingi, baadhi ya wanafalaki mashuhuri walizichukulia galaksi kubwa kuwa kama taa ambazo mwanga wake haubadiliki. Aliyewazindua ni mwanamke kijana, mama wa watoto wawili, ambaye wakati huo hakuwa hata na kazi ya kudumu.

Beatrice Muriel Hill alizaliwa Januari 27, 1941, mjini Chester, Uingereza, vita vikuu vya pili vya dunia vikiendelea. Mnamo 1946 wazazi wake walihamia New Zealand, na baadaye wakafanya makao yao katika mji wa New Plymouth. Baba yake, kasisi wa Kianglikana, alikuja kuwa meya wa mji huo. Shuleni, binti huyo alisifika kwa hisabati na kwa kucheza fidla.

Alipojiunga na chuo kikuu mjini Christchurch, azma yake ilikuwa moja tu: kuelewa ulimwengu ulianzaje na utaishia wapi. Hata hivyo, tasnifu yake ya uzamili ilihusu fizikia ya fuwele. Mnamo 1961 aliolewa na mwanafizikia mwenzake, Brian Tinsley, na miaka miwili baadaye wakahamia Dallas, Marekani, ambako mumewe alikuwa amepata kazi.

Huko Dallas, Bi Tinsley alijikuta akitazamwa zaidi kama mke wa mtafiti kuliko kama mtafiti. Hakuvunjika moyo. Mnamo 1964 alijisajili kwa masomo ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin, takriban kilomita 300 kutoka nyumbani, akawa anasafiri kwenda na kurudi. Kufikia mwishoni mwa 1966 alikuwa amekamilisha tasnifu ambayo ingetikisa taaluma ya falaki.

Ili kuelewa uzito wa kazi hiyo, yafaa kukumbuka kwamba mwanga huchukua muda kusafiri. Galaksi iliyo mbali sana huonekana jinsi ilivyokuwa mabilioni ya miaka iliyopita. Wanafalaki, akiwemo Allan Sandage wa California, mtaalamu aliyeheshimiwa mno wakati huo, walitaka kutumia galaksi angavu zaidi kupimia umbali. Iwapo zote zina nguvu sawa ya mwanga, basi ile inayoonekana hafifu ndiyo iliyo mbali. Kwa kipimo hicho wangejua kasi ya kutanuka kwa ulimwengu inapungua kiasi gani, na kama siku moja ulimwengu utaacha kutanuka na kuanza kujikunja.

Bi Tinsley aliuliza swali lililoonekana jepesi: je, galaksi ya zamani ilikuwa na mwanga sawa na ya leo? Galaksi ni mkusanyiko wa mabilioni ya nyota, na nyota huzaliwa na kufa. Nyota kubwa huwaka kwa mwanga mkali wa samawati lakini huisha baada ya mamilioni machache ya miaka. Ndogo huwaka polepole, kwa mwanga hafifu mwekundu, na huishi mabilioni ya miaka. Gesi inayozaa nyota ikipungua, kubwa zinazokufa hukosa warithi. Hapo galaksi hufifia na kuwa nyekundu.

Kwa msaada wa tarakilishi za wakati ule, alikadiria hatua baada ya hatua ni nyota ngapi za kila uzito huzaliwa, huishi muda gani, hutoa mwanga kiasi gani, na hurudisha gesi kiasi gani zinapokufa. Alipojumlisha yote, jibu lilikuwa bayana. Galaksi zilikuwa angavu zaidi zamani, na tofauti hiyo ilikuwa kubwa kiasi cha kuvuruga hesabu zote za umbali. Taa iliyodhaniwa kuwa kipimo ilikuwa yenyewe inabadilika.

Sandage hakukubaliana naye, na ubishi wao uliendelea kwa miaka kadhaa. Mnamo 1974, Bi Tinsley alishirikiana na Richard Gott, James Gunn na David Schramm kuchapisha makala iliyokusanya ushahidi kutoka pande mbalimbali. Walihitimisha kwamba ulimwengu hauna maada ya kutosha kuusimamisha, hivyo yaelekea utatanuka milele. Mwaka huo huo alitunukiwa tuzo ya Annie J. Cannon, inayotolewa kwa wanawake wanaong'ara katika falaki.

Lakini nyumbani mambo yalikuwa magumu. Yeye na mumewe walikuwa wameasili watoto wawili, mvulana na msichana, na juhudi zake za kupata wadhifa wa kudumu Dallas hazikufua dafu. Mnamo 1974 ndoa ilivunjika, naye akaondoka, watoto wakabaki na baba yao. Uamuzi huo ulimtia uchungu hadi mwisho wa maisha yake.

Chuo Kikuu cha Yale kilimwajiri mnamo 1975, na mnamo 1978 akawa mwanamke wa kwanza kuwa profesa wa falaki chuoni humo. Akiwa na mwenzake Richard Larson, mnamo 1977 aliandaa kongamano kuhusu mabadiliko ya galaksi lililowakutanisha wataalamu wa fani hiyo. Mwaka uliofuata, wawili hao walionyesha kwamba galaksi zinapokaribiana na kuvurugana, nyota nyingi huzaliwa kwa mkupuo. Fauka ya hayo, alikokotoa ni galaksi hafifu ngapi zinazotarajiwa kuonekana angani iwapo kweli zimebadilika kadiri ya umri wao.

Ni mwaka huo huo wa 1978 ambapo alipatikana na saratani ya ngozi. Aliendelea kufundisha na kuandika. Mkono wa kulia ulipokosa nguvu, alijifunza kuandika kwa wa kushoto, na akakamilisha makala yake ya mwisho siku chache kabla ya kuaga dunia Machi 23, 1981, akiwa na umri wa miaka 40.

Hakubahatika kuona ushahidi ulioletwa na darubini za angani. Mnamo Desemba 1995, darubini ya Hubble ilielekezwa kwenye kipande kidogo cha anga kwa siku kumi, ikanasa galaksi zipatazo 3,000. Tafiti zilizofuata zilibainisha kwamba kuzaliwa kwa nyota kulifika kilele yapata miaka bilioni 10 iliyopita, kisha kukapungua takriban mara kumi. Mnamo 1998, timu mbili za watafiti ziligundua kwamba kutanuka kwa ulimwengu hakupungui bali kunaongezeka kasi.

Darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 25, 2021, imezua fumbo jipya. Katika miaka milioni 500 ya kwanza ya ulimwengu, galaksi angavu zilikuwa nyingi kuliko ilivyotarajiwa. Mojawapo, iliyotangazwa 2024, yaonekana jinsi ilivyokuwa kabla ya ulimwengu kutimiza miaka milioni 300. Huenda nyota zilizaliwa humo kwa mikupuo, au vumbi la kuziba mwanga lilikuwa haba. Wanaotafuta jibu wangali wanajumlisha mwanga wa nyota kwa umri na uzito, kwa njia ile ile aliyoitandaza Bi Tinsley.

Tangu 1986, Chama cha Wanafalaki cha Marekani hutoa tuzo yenye jina lake. Nchini New Zealand, mlima mmoja katika eneo la Fiordland ulipewa jina lake mnamo 2010.