H. H. STOREY: Mtafiti wa Amani aliyefuata nyayo za ugonjwa wa muhogo

KABEZI, Burundi – Barabara ya Bujumbura kwenda Rumonge inafuata ukingo wa Ziwa Tanganyika, na Kabezi ni miongoni mwa vituo vya mwanzo vya njia hiyo. Anayepita hapa na lori, teksi au baiskeli anaijua mizigo yake: ndizi, mawese, samaki, na muhogo wa kila namna, mbichi, mkavu na unga. Lakini upo mzigo mmoja ambao hauandikwi kwenye hati yoyote, na mara nyingi haulipiwi hata nauli. Ni fungu la vijiti vya mbegu ya muhogo, limefungwa kwa kamba ya mgomba na kuwekwa juu ya magunia. Mtu amepewa na shemeji yake wa ng'ambo ya mpaka, anakwenda kupanda nyumbani.

Fungu hilo ndilo habari yetu ya leo. Wafanyabiashara wengi wa muhogo kuanzia Kigoma hadi Uvira hawajapata kusikia jina la Harold Haydon Storey. Hata hivyo biashara yao imeguswa na kazi aliyoifanya mtu huyo zaidi ya miaka 80 iliyopita, katika milima ya Usambara upande wa Tanga. Yeye na wenzake walionyesha kwamba magonjwa makubwa ya muhogo yana vyombo viwili vya usafiri: mdudu mdogo mweupe, na mkono wa binadamu. Mdudu hatuwezi kumsimamisha barabarani. Mkono wetu tunaweza.

MWANZO WAKE

Storey alizaliwa mwaka 1894. Kwa sadfa, mwaka huo huo Mjerumani Warburg aliandika kuhusu ugonjwa wa kukunjamana kwa majani ya muhogo huko Usambara. Ni ugonjwa huu ambao leo Tanzania tunauita batobato. Mtoto na habari za ugonjwa walitokea mwaka mmoja, nao wakaja kukutana baadaye.

Kazi yake Afrika ilianzia Afrika Kusini, mjini Durban, katika miaka ya 1920. Huko wakulima wa mahindi na miwa walisumbuliwa na ugonjwa wa michirizi: jani linatoka na mistari myembamba myeupe, mmea unadumaa, mavuno yanapungua. Wengine walidhani ni udongo, wengine hali ya hewa. Mwaka 1925 Storey alitangaza kwamba ugonjwa wa mahindi unabebwa na mdudu mdogo anayerukaruka kwenye majani, ambaye kwa jina la kitaalamu huitwa Cicadulina mbila. Mwaka 1928, akiwa na mwenzake Bottomley, alionyesha pia kwamba ugonjwa wa kudumaza karanga, ule unaoitwa rozeti, huenezwa na vidukari.

Tukumbuke kwamba wakati huo hakuna aliyekuwa ameona kirusi kwa macho. Darubini za kawaida hazikuweza kukionyesha. Storey alikuwa anafuatilia mwizi asiyeonekana, kwa kutazama nyayo zake tu.

AMANI

Mwaka 1928 alihamia Amani, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo kilichoko Usambara Mashariki. Kituo hicho kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia kikawa chini ya Waingereza, na kuhudumia makoloni yao ya Afrika Mashariki. Burundi wakati huo ilikuwa upande wa Wabelgiji, pamoja na Rwanda na Kongo. Kwa hiyo ripoti za Amani zilikwenda Nairobi, Entebbe na Dar es Salaam, na upande huu wa ziwa ulikuwa na watafiti wake. Mipaka ya watawala iliwagawa wataalamu. Wadudu haikuwahusu.

Hapo Amani Storey alifanya majaribio yaliyompa jina kubwa duniani. Aliona kwamba si kila mdudu wa Cicadulina anaweza kubeba ugonjwa wa mahindi. Wengine hula jani lenye ugonjwa siku nzima na wasiambukize mmea wowote. Akawazalisha wadudu kwa kuwachagua, kizazi baada ya kizazi, mpaka akapata koo mbili: wanaobeba na wasiobeba. Mwaka 1932 alieleza kwamba uwezo huo wa kubeba hurithiwa, kama vile rangi ya ng'ombe inavyorithiwa.

Mwaka uliofuata alieleza sababu. Alichukua wadudu wasiobeba akawatoboa utumbo kwa sindano nyembamba, na baadhi yao wakaweza kuambukiza mahindi. Ukuta wa utumbo ndio uliokuwa kizuizi. Kirusi kikipita pale kinaingia mwilini mwa mdudu na hatimaye kinatoka kwa mate yake. Kisipopita, safari yake imeishia hapo. Kwa lugha yetu ya barabarani, utumbo wa mdudu ni kituo cha mpakani.

Kwa kazi hizi Storey alichaguliwa mwaka 1946 kuwa mwanachama wa Royal Society ya London, heshima kubwa kwa mwanasayansi.

MUHOGO WAINGIA MAABARA

Miaka ya 1930 muhogo ulikuwa chakula cha kuokoa watu kwenye njaa. Serikali za kikoloni zilihimiza upandwe, na mahali pengine zililazimisha. Lakini batobato ilikuwa inaushambulia kila mahali. Storey akaugeukia, akisaidiwa na R. F. W. Nichols.

Mwaka 1936 alitoa taarifa ambayo mfanyabiashara wa leo anapaswa kuijua. Alisema ugonjwa wa muhogo si mmoja, ni miwili. Kwenye batobato jani hukunjamana na kuwa na mabaka, na kila mtu huiona. Wa pili ni michirizi ya kahawia, ambao wakati huo ulionekana zaidi maeneo ya chini ya pwani. Huu ni mjanja. Majani yanaweza kubaki karibu ya kawaida, shina likasimama, mkulima akatembea shambani akiridhika. Uharibifu uko chini ya ardhi: ndani ya mhogo kuna madoa makavu ya kahawia, na ukioza hivyo haufai kuliwa wala kuuzwa. Anayeligundua hilo kwa mara ya kwanza mara nyingi ni aliyekwisha kulipa.

Mwaka 1938 Storey na Nichols walieleza kwa kirefu jinsi batobato inavyoenezwa na nzi weupe, jambo ambalo watafiti wa Kongo ya Wabelgiji na Nigeria nao walikuwa wamelionyesha. Waliongeza kwamba nzi huambukiza kupitia majani machanga, na kwamba virusi vya batobato havina ukali sawa. Vipo vikali na vipo vya wastani.

Na hapo ndipo lilipo suala la vijiti. Mahindi hupandwa kwa punje. Muhogo hupandwa kwa kipande cha mama yake. Ukikata kijiti kwenye mmea mzuri, unapata mtoto aliye sawa naye kabisa. Ndiyo faida ya njia hii, maana utamu na mavuno havibadiliki. Lakini mama akiwa mgonjwa, mtoto anazaliwa na ugonjwa. Nzi mweupe husogeza ugonjwa kidogo kidogo, shamba kwa shamba. Kijiti kilichopakiwa kwenye lori kinavuka wilaya tatu kabla ya jua kuzama.

MUHOGO NA MTI WA MPIRA

Dawa ya virusi haikuwepo, na mpaka leo haipo. Njia iliyobaki ilikuwa kupata muhogo unaostahimili. Amani walikusanya aina za muhogo kutoka nchi mbalimbali, wakaona kwamba hakuna iliyokuwa salama kabisa. Ndipo wakaenda kwa ndugu wa mbali wa muhogo, mti wa mpira wa Ceara, ambao ulipandwa Tanganyika kwa ajili ya utomvu wake. Mti huo hauna mizizi ya kula, lakini unastahimili ugonjwa.

Waliuchanganya na muhogo, ua kwa ua. Watoto wa kwanza walirithi nguvu, ila mizizi yao haikuwa na maana. Wakawarudisha tena kwa muhogo, na tena, na tena, kila mara wakitupa wagonjwa na wasiozaa, wakibakiza wachache. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi. Nichols aliifanya kwa muda mrefu, kisha D. L. Jennings akaiendeleza mpaka 1957. Majina ya wafanyakazi wenyeji waliopalilia, waliovuna na waliohesabu mimea hayakuwekwa juu ya ripoti zile.

Storey mwenyewe alihusika pia na shirika jipya la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki lililoanzishwa mwaka 1948, ambalo makao yake yakawa Muguga, karibu na Nairobi. Alifariki mwaka 1969.

KOSA LENYE MAFUNZO

Haipendezi kueleza maisha ya mtafiti kana kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Mwaka 1945 ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulionekana Uganda, kwenye muhogo ulioletwa kutoka Tanganyika. Haukuletwa na mdudu. Uliletwa kwa nia njema, kama vipando. Mimea ile iliteketezwa, na kwa miaka mingi Uganda haikusumbuliwa na ugonjwa huo.

Kwa sababu kama hiyo, mazao ya Amani yalipopelekwa mbali katika miaka ya 1950, yalisafirishwa kama mbegu za ndani ya tunda, si vijiti. Mbegu za namna hiyo hazipitishi kirusi cha batobato. Zilichelewesha kazi, maana kila mbegu huzaa mmea tofauti na uchaguzi huanza upya. Lakini zilifika salama.

Moja ya shehena hizo ilifika Nigeria. Humo ulichaguliwa mche uliopewa namba 58308, na kituo cha kimataifa cha Ibadan, IITA, kilichoanzishwa mwaka 1967, kiliutumia kuzalisha aina za TMS. Mmoja wao, TMS 30572, ulirudi Afrika Mashariki na kupandwa Uganda kwa jina la NASE 3, wakati batobato kali ilipoangamiza mashamba ya huko miaka ya 1990. Uwezo wa kustahimili ulioanzia Usambara ulizunguka kupitia Afrika Magharibi na kurudi nyumbani.

Mseto mwingine wa Amani, namba 46106/27, haukupita ofisini. Wakulima wa pwani ya Kenya waliendelea kuupanda kwa jina la Kaleso, na wa kusini mwa Tanzania wanao kwa jina la Namikonga. Wanasayansi walipoupima, walikuta kwamba ni kitu kimoja. Leo ni miongoni mwa nguzo za kutafuta muhogo unaostahimili michirizi ya kahawia. Mkulima aliutunza kwa miongo mingi kwa sababu moja tu: mizizi yake haikuoza.

UPANDE WETU WA ZIWA

Batobato kali iliyoanzia Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980 ilisonga kusini. Mwaka 2003 kirusi chake kilithibitishwa Burundi. Kisha mwaka 2011 ikachapishwa taarifa ya kwanza ya michirizi ya kahawia nchini humo. Aina zilizokuwa zimesimama imara mbele ya batobato, nyingi hazikuwa na kinga dhidi ya huu wa pili. Taasisi ya utafiti wa kilimo ya Burundi, ISABU, na wenzake wa nchi jirani wamekuwa wakitafuta aina zinazostahimili yote mawili.

Kwa mfanyabiashara wa Kabezi, Rumonge au Nyanza-Lac hili si somo la darasani. Muhogo ukiharibika Imbo, bei ya unga inapanda sokoni, na magari yanageukia Kigoma. Ukiharibika Kigoma pia, hakuna pa kugeukia. Ugonjwa unaoingia kwa fungu moja la bure unaweza kukuondolea mzigo wa msimu mzima.

Kwa hiyo, ndugu msafirishaji, yafuatayo yanatokana moja kwa moja na kazi ya Storey na waliomfuata.

Kwanza, tofautisha bidhaa na mbegu. Muhogo mkavu na unga haviwezi kuota. Vijiti ndivyo vinavyohamisha ugonjwa, na vikivuka mpaka kwa halali huhitaji cheti cha afya ya mimea kutoka mamlaka husika ya nchi vinakotoka.

Pili, usiamini majani peke yake. Anayenunua shamba zima la muhogo mbichi ang'oe mashina machache sehemu mbalimbali na kukata mizizi vipande vipande. Madoa ya kahawia ndani yake ni hasara.

Tatu, abiria akikuomba umbebee fungu la vijiti, muulize vimetoka wapi. Kama hana jibu la kueleweka, mweleze kwa heshima kwamba mzigo huo haupandi garini. Anaweza kununua vipando vilivyokaguliwa karibu na kwake.

Storey alitumia sindano kuonyesha kwamba ugonjwa huishia pale unapokuta ukuta. Katika barabara hii ya ziwani, kutoka Bujumbura kupita Kabezi na Rumonge hadi mpakani Mugina, ukuta huo ni dereva anayejua alichobeba.