Louis Armstrong: fanfare ilimupa matari mbele ya tarumbeta

Mwishoni mwa mwezi wa 10 mwaka 1960, miezi ine tu kisha uhuru wetu, Mumarekani mumoja mweusi aliingia Léopoldville, muji tunaouita leo Kinshasa. Watu walimubeba juu ya kiti kama vile wanabeba mufalme. Alikuwa Louis Armstrong. Wengi wanamujua juu ya tarumbeta na sauti yake ya kukwaruza. Lakini fanfare yake ya kwanza haikumupa tarumbeta. Ilimupa matari, kisha ngoma.

Alizaliwa tarehe 4/8/1901 ku New Orleans, kusini mwa Marekani, mu kartiye ya masikini yenye kujaa baa, kamari na bastola. Baba yake aliwaacha akingali mutoto kabisa, mama yake Mayann akabaki kuhangaika. Louis alitembea na familia moja ya Wayahudi, Karnofsky, kuuzisha makaa ku gari la farasi. Jioni aliimba ku barabara na wenzake ili wapate senti. Mu ule muji, fanfare ilisindikiza hata maiti: kwenda makaburini kwa mwendo wa pole, kurudi kwa muziki wa kuchezesha. Watoto walifuata nyuma.

Usiku wa tarehe 31/12/1912, watu wakishangilia mwaka mupya, Louis alifyatua bastola hewani. Ilikuwa ya mwanaume aliyeishi na mama yake. Polisi alimukamata pale pale. Kesho yake alitumwa Colored Waif's Home, nyumba ya kurekebisha watoto weusi iliyoongozwa kiaskari na Captain Joseph Jones. Alikuwa na miaka 11.

Ile nyumba ilikuwa na fanfare. Mwalimu wake, Peter Davis, hakumuamini Louis mwanzoni: alijua kartiye yenye alitoka, akafikiri mutoto wa kule ni muharibifu tu. Louis alikaa pembeni, anasikiliza wengine wakifanya mazoezi. Siku moja Davis akamuita, akamupa matari. Kwa mutoto mwenye kuota tarumbeta, matari si kitu kikubwa. Lakini hakukosa mapigo, njo akapewa ngoma. Kisha pembe ya alto. Kisha baragumu ya kuita watoto asubuhi na saa ya chakula. Mwisho kabisa kornet, ndugu mudogo wa tarumbeta. Kila chombo alikipiga mpaka akastahili kile kinachofuata, na Davis akamufanya kiongozi wa fanfare yote.

Baadaye Louis mwenyewe alisimulia siku fanfare ilipita mu kartiye yake ya zamani. Mama yake alitoka kumuangalia. Wacheza kamari na wanawake wa usiku walitoka pia, hawakuamini macho yao. Walitupa pesa ndani ya kofia za watoto, zikatosha kununua nguo mpya na vyombo vipya vya fanfare.

Aliachiliwa mwaka 1914. Muchana alibeba makaa, usiku alipiga muziki. New Orleans ilikuwa muji wa mashindano: bendi mbili zikikutana ku kona juu ya magari ya farasi, magurudumu yalifungwa pamoja, hakuna kukimbia, watu ndio wanaamua nani ameshinda. Mule njo alikomalia. Mwaka 1922 mukubwa wake Joe Oliver alimuita Chicago. Kuanzia 1925, rekodi zake na bendi ya Hot Five zilibadilisha jazz ya dunia nzima. Nguvu yake haikuwa mu pumzi tu, ilikuwa mu mapigo pia: kujua wakati wa kuingia na wakati wa kungoja. Hiyo ni kazi ya mupiga ngoma.

Safari yake ya Congo ililipwa na serikali ya Marekani. Wakati watu wanacheza, Lumumba alikuwa amezungukwa na waaskari nyumbani kwake Léopoldville. Mwezi wa 11 Armstrong alipiga Élisabethville, mu Katanga iliyokuwa imejitenga. Tarehe 17/1/1961 Lumumba aliuawa karibu na ule muji. Furaha ya muziki ilikuwa ya kweli, lakini siasa ilitembea pembeni yake.

Armstrong alikufa New York tarehe 6/7/1971. Ku New Orleans kuko bustani kubwa yenye jina lake, na ndani yake kuko Congo Square, uwanja wenye watumwa Waafrika walikuwa wanakusanyika siku ya Mungu kupiga ngoma.

Mu fanfare zetu, za Kanisa la Kimbangu ao za masomo, hakukosekani mutoto mwenye kununa juu wamemupa paka ngoma, wakati anataka tarumbeta. Mumusimulie hii habari. Lakini na mwalimu wake aisikie: Davis angeendelea kuangalia kartiye ya Louis tu, dunia isingemusikia.