Mwanamfalme Louis Rwagasore: Mtu Aliyevuta Watu

Katika ukurasa wetu wa maisha ya watu mashuhuri, safari hii tunamtazama mtu ambaye wazee wetu humtaja kana kwamba aliondoka jana: Louis Rwagasore wa Burundi.

Alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932, mtoto wa kwanza wa Mwami Mwambutsa wa Nne. Alisoma Astrida, nchini Rwanda, kisha akaenda Ubelgiji. Aliporudi angeweza kula maisha ya ikulu, kwani siku zile mtu wa kawaida alimwinamia ganwa na kumpigia makofi ya heshima. Yeye aliwafuata watu walipo.

Mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara mjini Usumbura, ambao leo ni Bujumbura. Huko alipata marafiki wengi miongoni mwa Waswahili wa Buyenzi, Waislamu wenye biashara ndogo ndogo, ingawa yeye alikuwa Mkristo. Tusimfanye malaika: ushirika ule ulielemewa na madeni. Biashara iliyumba, lakini watu hawakumwacha. Walikwisha kuona kwamba mtoto wa Mwami anakaa nao na kuwasikiliza.

Akawa kiongozi wa chama cha UPRONA kilichodai uhuru, na humo Wahutu, Watutsi na Waganwa walikuwa pamoja. Wabelgiji waliuona mvuto wake wakauogopa. Mwaka 1960 iliamriwa kwamba ndugu wa karibu wa Mwami wasishiriki siasa, na Oktoba mwaka huo akawekwa kizuizini. Uchaguzi wa komuni ulifanyika yeye akiwa amefungiwa, na UPRONA ikashindwa na chama cha PDC.

Desemba aliachiwa. Sasa tazameni nguvu ya mtu mmoja. Katika uchaguzi wa tarehe 18 Septemba 1961, UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64. Wengi walitazamia kisasi. Yeye aliwaomba wafuasi wake watulie, wasiwaonee walioshindwa, kwa sababu nchi ni ya wote.

Alikuwa waziri mkuu kwa wiki mbili tu. Usiku wa tarehe 13 Oktoba 1961, akiwa mezani katika hoteli moja kando ya Ziwa Tanganyika, alipigwa risasi na Mgiriki aitwaye Jean Kageorgis, katika njama iliyowahusisha viongozi wa PDC. Alikuwa na umri wa miaka 29. Uhuru ulikuja tarehe 1 Julai 1962, yeye akiwa kaburini.

Ndugu zangu, hapa ndipo penye fundisho. Chama kilichokuwa kimoja mbele ya uso wake kiligawanyika upesi baada ya kifo chake. Wakubwa waligombania nafasi yake, na ugomvi ukachukua sura ya Wahutu na Watutsi. Yaliyofuata hatuna haja ya kusimuliwa. Wengi wetu tuko ugenini kwa sababu ya mwaka 1972 au 1993, na wengine tumezaliwa huku huku.

Mvuto wa mtu ni kama moto wa jikoni: wote huusogelea na kupata joto. Lakini mwenye kuchochea akiondoka, na hakuna mwingine aliyefundishwa kutafuta kuni, asubuhi mtakuta majivu. Rwagasore hakupewa muda wa kuwafundisha wengine.

Basi hapa makazini, tunapochagua viongozi wa vijiji, wa vikundi na wa kwaya, tusiangalie tu nani anapendeza akisimama kusema. Tuulize pia: je, anawafundisha wengine kazi yake? Na akiondoka kesho, sisi tutabaki tumeshikana mikono?

Tukutane toleo lijalo. Amani iwe nanyi.