Ar-Razi, majivu na salfa ya mikorosho yetu

WENGI wetu tukisikia neno alkali katika somo la kemia hudhani ni neno la Kizungu. Asili yake ni Kiarabu, al-qaly, yaani majivu ya mimea. Mmoja wa wanachuoni walioyashughulikia majivu hayo ni Abu Bakr Muhammad bin Zakariya Ar-Razi.

Alizaliwa Rayy, karibu na Tehran ya leo, yapata mwaka 865. Alikuwa tabibu, akaongoza hospitali ya mji wake, kisha ya Baghdad. Alieleza wazi tofauti ya ndui na surua. Uzeeni alipofuka, akafariki Rayy yapata mwaka 925.

Katika Kitab al-Asrar aliacha mafumbo ya wenzake, akaandika kazi ilivyo: chombo gani, dawa gani, moto kiasi gani. Aliyapanga madini kwa makundi, na al-qaly akaitia katika chumvi. Majivu hayo yakichanganywa na maji na chokaa hutoa maji makali yanayounguza ngozi. Hayo ni kinyume cha tindikali, kama ya ndimu. Vikikutana kwa kadiri, kila kimoja huvunja ukali wa mwenzake.

Tusimpe sifa isiyo yake. Kipimo cha pH alikileta Sørensen wa Denmark mwaka 1909: 7 ni katikati, chini yake ni tindikali, juu yake alkali, na kila hatua moja ni mara kumi.

Kwa nini namtaja hapa Lisekese? Kwa sababu Masasi na Newala mikorosho hupuliziwa salfa kuzuia ubwiriunga. Unga ule hauishii kwenye maua. Unaoanguka chini hugeuzwa na vijidudu vya udongo kuwa tindikali, na watafiti walishalieleza hilo tangu miaka ya 1990. Udongo wetu wa kichanga hauna nguvu ya kuihimili, na mahindi yaliyopandwa humo hudhoofika. Dawa ni chokaa, lakini kwa kipimo. Ikizidi nayo huharibu.

Ninapofundisha historia ya Kiislamu, vijana hulifurahia jina la Ar-Razi. Kikifika kipindi cha kemia, wengine huchungulia dirishani. Ndugu zangu, fahari ya namna hiyo haijazi ghala. Anayempenda Ar-Razi na achukue udongo wa shamba la baba yake, aupeleke ukapimwe, kabla ya msimu mwingine wa salfa.